Paka Wetu na Ukuta wa Mwenye Nyumba

Akina mama wengi hatufugi paka kwa kumpenda. Tunamfuga kwa sababu ya panya. Panya akishaizoea nyumba, hakuna kitu kilicho salama. Gunia la mahindi hutobolewa, nguo za kwendea kanisani hutafunwa sandukuni, sabuni huliwa, na usiku mtoto huamka akilia kwa kuumwa kidole cha mguu. Sumu tunaiogopa kwa ajili ya watoto wadogo na kuku. Mtego hunasa mmoja tu, na wenzake huanza kuukwepa. Basi tunatafuta paka, na nyumba inapata utulivu.

Lakini paka yule yule anayeleta amani stoo aweza kuleta ugomvi sebuleni, kwa maana ana makucha, na makucha yake hayakai bure. Leo atakwaruza kochi, kesho mlango, keshokutwa ukuta. Mama akitazama rangi iliyobanduka na unga wa plasta uliomwagika sakafuni, husahau panya wote walioliwa. Sisi tunataka kusimulia habari ya ukuta wetu, kwa sababu ulikaribia kututoa katika nyumba, na kwa sababu tulichojifunza chaweza kumfaa mama mwingine aliye katika shida kama hiyo.

Nyumba na watu wake

Tunaishi Korogwe, mkoa wa Tanga, katika nyumba ya kupanga. Mmoja wetu hufundisha shule ya msingi, mwingine hushona nguo barazani. Tuna watoto watatu, na tunakaa na bibi yao mzaa baba, ambaye katika ujana wake alifanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya mkonge.

Paka wetu anaitwa Chausiku, kwa kuwa aliletwa usiku. Tulimpata kutoka kwa jirani baada ya panya kumuuma bibi kisigino akiwa usingizini. Hakupita mwezi mmoja, panya wakahama. Bibi, ambaye tangu awali hakuwa mpenzi wa paka, akaanza kumwekea vichwa vya dagaa kwenye kifuniko cha kopo.

Aliyempokea Chausiku kuliko wote ni kitinda mimba wetu, mtoto wa miaka 7. Mtoto huyu ana kigugumizi. Shuleni akiitwa kusoma, wenzake humcheka kabla hajamaliza neno la kwanza, naye hunyamaza na kutazama chini. Nyumbani pia huongea kwa shida mgeni akiwapo. Lakini akikaa na paka, maneno yalikuwa yanatoka bila kukwama. Jioni moja tulimsikia nyuma ya pazia akimsomea Chausiku kitabu chake cha darasa la kwanza, ukurasa mzima, kwa sauti. Watoto wengi wenye kigugumizi huongea vizuri zaidi wanapozungumza na mnyama, kwa kuwa mnyama hakatizi neno wala hacheki. Tangu siku hiyo kila jioni ilikuwa hivyo, nasi tulijifanya hatusikii.

Ukuta wenyewe ulikuwa ule wa sebuleni, kando ya mlango wa kuingilia. Ni ukuta wa matofali uliopigwa plasta ya mchanga na saruji, ukapakwa rangi ya maji. Chini, karibu na sakafu, ulikuwa na unyevu uliopanda kutoka ardhini wakati wa masika, na hapo plasta ililegea. Chausiku alipaona. Alisimama kwa miguu ya nyuma, akajinyosha, akazamisha makucha na kuvuta kwenda chini. Baada ya miezi michache palikuwa na kovu pana kama sinia.

Mwenye nyumba alikuja mwisho wa mwezi kuchukua kodi yake, akaliona. Hakufoka. Ni mtu mzima, na nyumba hiyo ndiyo pensheni yake. Alisema tu, "Mwalimu, nyumba yangu niliwakabidhi ikiwa nzima. Nawapa mwezi mmoja. Ama paka aondoke na ukuta utengenezwe, ama mtafute pengine pa kuishi."

Mwezi mmoja! Mtoto wetu mkubwa alikuwa darasa la saba na mtihani ulikuwa karibu. Kuhama wakati huo kungekuwa kumvuruga. Kumtoa paka kungekuwa kurudisha panya, na kumwondolea yule mdogo msikilizaji wake pekee.

Mashauri ya majirani

Habari ilipoenea, kila mtu alikuja na dawa yake. Mmoja alisema tumtie gunia tukamwache ng'ambo ya mto Pangani. Lakini paka aliyetupwa mahali asipopajua hufa kwa njaa au kwa mbwa, au hutangatanga siku nyingi akitafuta njia ya kurudi kwao. Hilo tulilikataa.

Wa pili alisema tupake pilipili ukutani. Pilipili ikishika makucha, paka huipeleka machoni anapojisafisha uso, na mtoto akigusa ukuta ni yeye atakayelia. Wa tatu alisema mafuta ya taa. Hayo ni sumu: paka hujiramba miguu yake kila siku, na chochote kilicho miguuni huishia tumboni. Wengine walitaja vidonge vya naftalini tunavyoweka kabatini kuzuia nondo. Navyo ni sumu kwa paka na kwa mtoto atakayedhani ni pipi.

Wa nne alisema achapwe kwa ufagio kila anapogusa ukuta. Shauri hili husikika katika nyumba nyingi, lakini halina matunda. Paka hafikirii kama mtoto aliyevunja glasi. Hajui kwamba kuta zina mwenyewe. Anachojifunza kwa kuchapwa ni kwamba mtu fulani mwenye ufagio ni wa hatari, basi husubiri mtu huyo atoke ndipo akwaruze. Zaidi ya hayo, paka aliyejaa hofu hukwaruza mara nyingi zaidi.

Mwingine aliuliza kama hakuna hospitali ya kumng'oa makucha. Ifahamike kwamba kumng'oa paka makucha si sawa na kukata kucha za mtoto. Ukucha wa paka umeota katika mfupa wa mwisho wa kidole, hivyo kuung'oa ni kukata kiungo hicho chote. Uingereza imekataza jambo hilo, na mwaka 2019 jimbo la New York likawa la kwanza nchini Marekani kulipiga marufuku. Na paka asiye na makucha atashikaje panya?

Kwa nini hukwaruza

Tulikwenda kwa bwana mifugo wa kata yetu. Alitusikiliza, kisha akasema neno ambalo hatukulitazamia: "Huyo paka wenu hana kosa wala ugonjwa. Mnataka aache kukwaruza, na hilo haliwezekani. Ulizeni akwaruze wapi."

Alitueleza kwamba ukucha wa paka hukua kwa matabaka, kama kitunguu. Tabaka la nje likizeeka hubanduka, na chini yake hutokea ukucha mpya mkali. Kukwaruza ndiko kunakolibandua. Ukifagia karibu na mahali paka anapokwaruza, utaokota maganda madogo yaliyopinda kama mwezi mchanga. Si makucha yaliyovunjika. Ni magamba aliyoyavua.

Pili, kukwaruza ni mazoezi. Paka hulala sehemu kubwa ya siku, na anapoamka huhitaji kunyosha mabega, mgongo na miguu. Ndiyo maana hutafuta kitu kirefu kisichotikisika, akining'inie kwa uzito wake.

Tatu, ni barua. Katikati ya vidole vya paka zimo tezi zitoazo harufu tusiyoweza sisi kuinusa. Akikwaruza huacha harufu hiyo pamoja na alama ya kuonekana kwa macho, akiwaambia paka wengine, "Hapa pana mwenyewe." Kwa hiyo hupenda kukwaruza mahali pa kupita watu: kando ya mlango, karibu na kitanda, penye kochi linalokaliwa sana. Dume la jirani likizungukazunguka dirishani, barua huongezeka.

Tabia hii si ya jana. Paka wa nyumbani ametokana na paka pori mdogo ambaye hadi leo yuko katika nyika za Afrika, na ambaye hukwaruza magogo ya miti. Wanadamu walipoanza kulima na kuweka nafaka ghalani, panya walikuja, na paka akawafuata panya. Mwaka 2004 wataalamu walitangaza kwamba katika kisiwa cha Kipro limepatikana kaburi lenye umri wa miaka ipatayo 9,500, ambamo mtu alizikwa na paka kando yake. Tangu zamani hizo mwanadamu na paka wamekaa pamoja kwa sababu ile ile ya gunia la nafaka, na muda wote huo paka amekuja na makucha yake.

Bibi aliposimuliwa maneno ya bwana mifugo hakushangaa. Alisema, "Wanangu, mnyama mwenye kucha usimnyime pa kuzitia. Utamnyima ukuta, atazitia kwenye godoro. Nileteeni kamba ya katani."

Nguzo ya Chausiku

Kwanza tulichunguza. Kwa juma moja watoto waliandika katika daftari kila mara Chausiku alipokwaruza: saa ngapi, wapi, na alikuwa ametoka kufanya nini. Mwisho wa juma daftari lilituonyesha mambo mawili. Alikwaruza hasa alipotoka kulala na tulipoingia nyumbani kutoka kazini na shuleni. Na mara zote alisimama wima, hakukwaruza zulia wala mkeka. Mama mwenye paka aangalie jambo hili. Paka anayekwaruza mkeka anataka kitu cha kulala chini. Anayekwaruza ukuta anataka kitu cha kusimama.

Pili, tulitengeneza nguzo. Fundi seremala alitupa kipande cha gogo kilichobaki, unene wa sentimeta 10 na urefu wa sentimeta 90. Urefu huo si wa kubahatisha: paka mzima akijinyosha wima ni lazima aufikie juu bila kukunja mgongo. Chini tulipigilia ubao wa mraba wa sentimeta 50 kila upande, na juu ya ubao tukaweka mawe mawili mazito, kwa sababu paka akikwaruza kitu kikamyumbia mara moja, harudi tena.

Kisha bibi akazungusha kamba. Alikaa barazani, gogo magotini, akivuta kila mzunguko ukabana mwenzake pasiwe na nafasi. Mikono yake ilikuwa inaikumbuka kazi. Akiwa anazungusha aliwasimulia watoto jinsi walivyokuwa wakianika katani juani na kuipiga brashi mpaka ing'ae, na jinsi mkonge ulivyofika kwetu. Haukuwa mmea wa nchi hii. Mwaka 1893 Mjerumani aitwaye Richard Hindorf aliagiza miche ipatayo 1,000 kutoka Florida, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutoka hiyo 62 yakaenea mashamba yaliyoajiri na kuchosha maelfu ya watu, bibi akiwa mmoja wao. Na leo nguzo za paka zinazouzwa madukani Ulaya na Marekani zimezungushiwa mkonge, kwa kuwa kamba yake ni ngumu, ina nyuzi za kushika ukucha, na inachanika taratibu jinsi paka apendavyo.

Kwa atakayetaka kujaribu: kamba yenye unene wa sentimeta 1 juu ya gogo kama letu, ikizungushwa juu hadi chini, huhitaji mita 31 hivi. Pigilia misumari juu na chini tu, na vichwa vyake vizame kabisa visije vikamchoma. Asiye na kamba achukue gunia kuukuu la katani, alivute juu ya ubao mpana na kulipigilia kwa nyuma, kisha auegemeze ubao mahali pasipoteleza.

Tatu, mahali pa kuiweka. Hapa ndipo wengi hushindwa. Hutengeneza nguzo nzuri wakaificha uani, halafu husema paka ni mkaidi. Nguzo lazima isimame pale pale paka anapokwaruza, hata kama inaudhi macho ya wageni. Sisi tuliisimamisha mbele ya kovu la ukuta.

Nne, ukuta wenyewe. Tuliuosha kwa maji ya sabuni ili kuondoa harufu aliyoiacha, kwa maana harufu hiyo humwita arudi. Kisha tukaufunika kwa nailoni laini iliyoshikiliwa na utepe mpana wa gundi. Makucha huteleza juu ya nailoni, na paka hachukii kitu kama kinachonata miguuni. Pembeni tuliweka maganda ya limau, kwa kuwa paka wengi hawapendi harufu yake.

Siku za kungoja

Mpenzi msomaji, usidhani kwamba Chausiku aliiona nguzo akaikimbilia. La hasha. Aliizunguka, akainusa, akaketi na kutupa mgongo. Siku ya tatu alikwenda upande wa pili wa mlango akaanza kovu jipya. Siku ya sita hali ilikuwa ile ile. Majirani walipita wakicheka kijiti chetu kilichovaa kamba. Mtoto wetu mdogo alihesabu siku kwenye kalenda iliyotundikwa ukutani, na jioni moja aliuliza kama kule ng'ambo ya mto kuna watu wanaowapa paka chakula. Hatukuwa na jibu la kumpa usiku ule. Tulimwambia alale.

Tulijizuia tusimkamate paka na kumlazimisha kuweka miguu juu ya kamba, kwa maana paka aliyelazimishwa huchukia hata kile ambacho angekipenda. Bibi ndiye aliyesema nguzo inanuka duka. Akachukua kanga kuukuu ambayo Chausiku huilalia, akaisugua kamba yote kwayo, juu hadi chini. Watoto nao walifunga uzi wenye kipande cha kitambaa, wakauvuta kuzunguka nguzo jioni paka alipochangamka. Chausiku aliukimbiza uzi, akaruka, na makucha yakazama katika katani. Alisita kidogo, akavuta. Sauti ya nyuzi zikichanika tuliisikia sote.

Mdogo alikuwa na dagaa mkononi. Alimpa pale pale, wala hakungoja dakika. Hili ni la muhimu: zawadi ikichelewa, paka hajui imelipia nini. Kila alipogusa nguzo, dagaa mmoja. Alipougusa ukuta, tulipiga kofi moja la mkono kwa mkono kumkatiza, tukauvuta uzi kumrudisha kwenye nguzo, bila kumpiga wala kumfokea. Kwenye kovu jipya tukaweka nailoni pia, na ule ubao wa gunia kando yake. Baada ya majuma mawili mengine daftari la watoto lilikuwa na alama za nguzo tupu.

Mwenye nyumba arudi

Siku chache kabla ya mwezi kwisha tulibandua nailoni, tukaziba makovu kwa saruji na mchanga uliochekechwa, tukaacha pakauke vizuri. Kisha tukapaka sehemu ya chini ya ukuta wote wa sebuleni, kimo cha mita 1 kutoka sakafuni, kwa rangi ya mafuta. Ukuta wa rangi ya mafuta ni laini na mgumu. Ukucha haupati pa kushika, na mikono ya watoto ikiuchafua unafutika kwa kitambaa. Gharama ilitupunguzia mboga kwa majuma kadhaa, lakini ilikuwa ndogo kuliko kuhama.

Mwenye nyumba alikuja, akasimama mlangoni, akatazama. Ukuta aliupapasa kwa kiganja. Kisha akaona Chausiku amelala juu ya cherehani, uso wake ukabadilika. "Kumbe bado yupo?"

Kabla hatujajibu, mdogo wetu alikwenda akasimama kando ya nguzo. Alianza kueleza. Neno la kwanza lilikwama, na la pili, naye akafumba macho kama afanyavyo shuleni. Tulitamani kumsaidia, lakini bwana mifugo na walimu wake wote hawakujua habari za nguzo ile kuliko yeye, tukakaa kimya. Mwenye nyumba naye alikaa kimya. Hakummalizia maneno. Alivua kofia, akaketi kwenye kigoda, akangoja. Ilichukua muda mrefu, lakini mtoto alieleza yote: magamba ya kucha, barua za harufu, kamba, dagaa. Alipomaliza, kana kwamba ameitwa, Chausiku alishuka, akajinyosha, akakwaruza nguzo.

Mzee alicheka mpaka akafuta macho. "Haya," akasema, "abaki. Lakini ukuta mwingine ukichimbwa, Mwalimu, makubaliano yetu ni yale yale." Tulimwambia ni haki yake. Alipokuwa akiondoka alimuuliza mtoto kamba ile inauzwa wapi.

Mambo ya kuzingatia

Tungedanganya tukisema Chausiku hakugusa ukuta tena. Msimu wa mvua uliofuata, dume geni lilipoanza kulala dirishani, tulikuta mikwaruzo miwili nyuma ya pazia. Tulilifukuza dume, tukaosha mahali pale, tukasogeza ubao wa gunia hapo. Paka akizoea, nguzo yaweza kusogezwa kidogo kidogo, sentimeta chache kila siku, mpaka mahali mnapopataka ninyi. Lakini usiitoe sebuleni kabisa, maana barua haiandikwi mahali pasipopita mtu.

Kamba ikichakaa usiitupe nguzo. Paka hupenda kile kilichochanika na chenye harufu yake. Zungusha kamba mpya katikati, ya zamani uiache juu na chini kwa muda.

Kuhusu kukata ncha za makucha: yawezekana kwa kikata kucha cha kawaida, kwa kuondoa ncha nyeupe tu na kutogusa sehemu ya waridi iliyo ndani, kwa kuwa ina damu na maumivu. Ila paka anayetoka nje usiku, anayekamata panya na kukimbia mbwa kwa kupanda mti, ni heri aachiwe makucha yake.

Na kwa ajili ya watoto: paka apelekwe kuchanjwa kichaa cha mbwa, maana ugonjwa huo haupati mbwa peke yake. Mtoto akiumwa au akikwaruzwa na paka, hasa asiyejulikana, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo.

Akina mama wenzetu, katika nyumba zetu tunasema "usi" mara nyingi kwa siku: usiruke, usipige kelele, usikwaruze. Mara nyingine tunakataza kile ambacho kiumbe hawezi kukiacha. Mtoto wa miaka 4 lazima aruke. Kama si uani, itakuwa juu ya kitanda. Mwenye kigugumizi lazima aseme, naye atamtafuta wa kumsikiliza bila haraka. Maji hufuata mkondo, na kazi ya mama ni kuuchimba mkondo mahali pasipobomoa nyumba. Sisi mkondo wetu ulikuwa gogo la fundi na kamba ya katani.

Nguzo ingali imesimama kando ya mlango. Kamba yake imebadilishwa mara mbili, na aliyeizungusha mara ya pili ni mdogo wetu, bibi akimwelekeza. Jioni hukaa chini yake na kitabu cha darasa analosoma sasa, na siku hizi hasomi nyuma ya pazia.